Kivuli Juu ya Kisima

Shangazi yangu Mwanahawa alizikwa Alhamisi baada ya adhuhuri, na mimi, Mungu anisamehe, wenzangu walipokuwa wakilia nilikuwa nimekaa mkekani naitazama picha ukutani. Ni picha niliyoichora mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na tisa: shamba la nyuma ya Msambweni asubuhi, minazi michache, kisima, na mti mmoja mkubwa wa msufi. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mnyama, hata ndege hakuna. Kila aliyewahi kuingia sebule ile aliisifu kwa utulivu wake. “Ukiitazama roho inatua,” ndivyo walivyokuwa wakisema. Roho zao zilitua. Yangu haijatua mpaka leo. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikienda nyumba ile kwa Idi, kwa harusi na kwa misiba, na kila mara nimejitafutia mahali pa kukaa ambapo picha ile itakuwa mgongoni mwangu. Siku ya maziko watu walijaa, nikasukumwa mpaka nikaketi mbele yake kabisa, na nilipoinua macho nikaona juu ya kisima kitu ambacho sikukiacha pale. Moyo ulinienda mbio hadi bibi mmoja akaanza kunipepea kwa upindo wa leso yake, akidhani ni uchungu wa marehemu. Nikamwacha adhani hivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa nikilala kwa shangazi Msambweni, na mchana nikijifunza uchoraji kwa Fundi Zuberi, aliyekuwa na banda la makuti Diani, kando ya njia ya mahotelini. Ya ukoo wangu, na jinsi nilivyofika hapo, nayaacha. Si marefu wala si matamu. Fundi Zuberi alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na ulimi mkali. Wachoraji wenzake pale njiani walichora simba na twiga, na yeye aliwaita watu wa bucha. Picha zake zote zilikuwa za kimya: ufuo mtupu, shamba la mpunga baada ya mvua, ua wa nyumba ambamo mtu ametoka sasa hivi. Banda lilinuka tapetaini na samaki wa kukaanga, maana jirani yetu alikuwa mama wa samaki, na mpaka leo sahani ya samaki changu ikiwekwa mbele yangu vidole vinaniwasha kwa hamu ya brashi. Tulitandaza kitambaa cha marekani kwenye fremu, tukaipaka rangi nyeupe ya ukuta, na ikikauka tunatoka nje kabla jua halijapanda. Kitu cha kwanza kuchorwa kilikuwa vivuli. Kabla ya mti, kabla ya nyumba, kabla ya mbingu, vivuli. “Mti utaukuta kesho,” alikuwa akiniambia, “kivuli hiki hutakikuta tena. Kidake, bibi wee, wachana na majani!” Alisema ukishavipata vivuli umeipata saa, na ukiipata saa picha inaanza kupumua. Mengine yote ni kujaza. Nilikuwa mtoto mwenye wasiwasi hata kabla ya hayo yote, lakini saa ile ya kuviwahi vivuli mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu niliipenda kazi ile kuliko kula.

Picha ile niliianza wakati wa kaskazi, joto limepamba moto, katika shamba la shangazi lililo mbali kidogo na nyumba. Hebu niwaeleze palivyokuwa, kwa sababu kila kitu kinategemea hapo. Nilisimama nimeelekea kusini, wewe nimekupa mgongo, tuseme hivyo. Mkono wangu wa kushoto ndiko iliko bahari, mkono wa kulia ndiko liliko bara. Shamba la upande wa bahari lilikuwa la shangazi. Shamba la upande wa bara lilikuwa la jirani yake, Mama Nyamvula, mjane aliyelima mchicha na bamia na kuzipeleka sokoni Ukunda. Mpaka wao ulikuwa msufi, na wazee wa pande zote mbili walijua hivyo bila ya karatasi yoyote, kwa kuwa huko kwetu mpaka ulikuwa ni mti. Kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye msufi, kilichimbwa zamani hata hakuna aliyejua na nani, na watu wote walikiita kisima cha msufini. Msufi ulikuwa upande wa bahari wa kisima. Kwa hiyo kisima kilikuwa ndani ya shamba la Mama Nyamvula. Nalisema hili wazi, kwa sababu kuna wakati sikulisema.

Asubuhi ile jua lilitokea kushotoni kwangu, na kivuli cha msufi kikalala kirefu kuelekea bara, kikafunika mdomo wote wa kisima. Nilikiwahi. Kilikuwa kivuli kizuri, si cheusi, kina urujuani ndani yake na ukingo laini. Mama Nyamvula alikuja na ndoo zake, akasimama nyuma yangu amekunja uso kwa kufikiri.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa hapa wachora nini, mbona sioni kitu ila madoa?”

“Ni vivuli, Mama. Vitu vyenyewe vitafuata.”

“Haya! Kwetu sie huanza mtu, kivuli kikamfuata. Nyie wa Diani mambo yenu mengine.” Akacheka, akateka maji, akanipa kwa kata. “Kunywa. Ya asubuhi haya, msufi umeyalalia. Ukija mchana utakunywa chai.”

Nilikunywa. Maji yalikuwa baridi hata meno yakaniuma, katika joto lile. Kama nisingeyanywa yale maji, labda ningejisamehe mapema zaidi.

Nilipoipeleka picha bandani Fundi Zuberi aliizunguka akikohoa. Alisema vivuli vimeshikwa, alisifu ule urujuani, kisha akasema, “Lakini picha yako imelala upande mmoja. Minazi kushoto, msufi kushoto, kiza chote kushoto. Na kisima, ambacho ndicho moyo, umekitia gizani. Nani atatundika giza kwake?” Hakuniambia niusogeze mti. Wakati wote huu nimetamani kumsingizia, naye amekwisha kufa hana wa kumtetea, lakini ukweli ni kwamba mkono ulikuwa wangu. Nilitaka ukimya ule uwe na mwanga katikati. Kwa hiyo nikaufuta msufi wa kushoto, ambao bado ulikuwa mistari tu, nikauchora upya upande wa kulia wa kisima, kivuli chake kikaangukia bara, mbali, na mdomo wa kisima nikaupiga jua. Lahaula, picha ikafunguka! Nyasi zikawa na umande, kisima kikang’aa, ukaweza kukaa mbele yake ukasahau ulichokuwa ukikiwaza. Fundi Zuberi alitikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo hakulifanya mara mbili kwa mwezi. Aliniuliza tu kama kivuli cha zamani nilikikwangua kabla ya kupaka rangi juu yake, kwa sababu rangi ya mafuta, alisema, haifichi kitu milele. Nikamwambia nimekikwangua. Sikukikwangua. Nilikuwa na haraka, na rangi nyeupe alituhesabia kwa kijiko, nikakipaka juu tabaka moja jepesi la rangi ya mchanga na basi. Ulikuwa uongo wa kwanza wa picha ile, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba niliusahau kabla ya kufika nyumbani.

Shangazi aliitundika sebuleni, juu ya kiti chake, mkabala na mlango. Alijivuna nayo vibaya. Mgeni hajavua viatu ashaambiwa, “Tazama kazi ya mwanangu, amechora hata umande.” Alikuwa mwanamke wa haki shangazi yangu, akipima mchele wa kumwazima jirani alijaza kibaba mpaka kikamwagika. Mlijue hilo kabla sijaendelea, maana baadhi yenu mkisikia kisa hiki mtamwona mwizi. Kila asubuhi baada ya sala alikaa chini ya picha akinywa chai ya tangawizi, na alasiri wenziwe walikuja wakakaa mkabala nayo wakipiga soga, na picha ikawa inawaingia kidogo kidogo bila ya mtu kujua, mimi nikiwemo.

Masika yalipokuja yalikuja na upepo, na siku ya tatu ya mvua msufi ulianguka. Haukukatika, uling’oka na mizizi yake, ukabeba na ukingo mmoja wa kisima. Mvua ikamalizia. Tulipokwenda kutazama tulikuta shimo moja pana lenye maji ya tope, huwezi kujua kisima kiliishia wapi na mti ulianzia wapi. Watu wakapasua magogo, wakafukia, wakakijengea kisima upya kwa saruji, na mahali pakawa sawa. Wakati ule hakuna aliyeukumbuka mpaka. Ilikuwa ni kazi ya majirani, kuna uji na viazi vya kuchemsha, na Mama Nyamvula na shangazi waliimba pamoja huku wakisomba udongo. Mpaka ulikumbukwa baada ya kipupwe, ilipotangazwa kwamba wapimaji wa ardhi wanakuja na kila mtu ataandikiwa hati yake. Papo hapo binamu yangu, mtoto wa pekee wa shangazi, akatoka Mombasa na habari kuwa amempata mtu wa bara anayetaka kujenga nyumba za wageni, na anataka shamba lenye kisima.

Siku hiyo nilikuwa jikoni nimekalia mbuzi nakuna nazi. Sauti zilinijia kupitia ukuta. Binamu aliuliza, “Kisima ni chetu au cha Mama Nyamvula?” Shangazi akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka vizuri kabisa, “Ni chetu. Msufi si ulikuwa upande wa bara? Kisima kikawa huku, kikipigwa na jua la asubuhi. Nakiona mpaka sasa.” Mgeni wake mmoja, bibi wa jirani, akadakia, “Ndiyo, kikipigwa na jua. Mbona hata picha inaonyesha.” Mkono uliniteleza kwenye mbuzi, nikajikata kidole. Damu ilidondoka kwenye nazi, ikabidi niimwage yote. Shangazi hakuwa akidanganya! Hilo ndilo lililonitia baridi. Alikuwa ameitazama picha yangu kila siku kwa miezi mingi, na msufi wa kweli ulipotoweka, wa picha ukachukua nafasi yake kichwani.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilikwenda kisimani mara tatu nikapima kwa hatua, nikasimama pale pale niliposimama siku ile, nikafumba macho nikijaribu kuuona msufi wa kushoto, na mara ya tatu, wallahi, haukuja. Ulikuja wa kulia, pamoja na umande niliouchora mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilimwambia shangazi picha inahitaji kupakwa vanishi, niichukue niipeleke Diani. Nilikusudia kuichoma njiani. Akasema, “Si sasa, mwanangu, wazee wataitaka.” Nikaenda kwa Fundi Zuberi nikamweleza yote isipokuwa suala la kukwangua. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. “Picha si ramani! Hao wazee wako hawajui hilo?”

“Hawajui, Fundi.”

“Basi nenda ukawaambie. Sema, niliusogeza mti ili mwanga ukae vizuri. Maneno hayo tu.”

Maneno hayo tu. Njia nzima ya kurudi niliyarudia. Niliusogeza mti ili mwanga ukae vizuri. Niliyasema nikiosha vyombo, nikianika nguo, nikila. Tatizo ni kwamba kila nilipoyasema nilimwona shangazi akiyasikia, mbele ya watu, yeye aliyenilisha na kunivisha, akijulikana kuwa amedai kisima cha mjane. Na kila nilipoyaacha nilimwona Mama Nyamvula na kata yake.

Kikao kilifanyika barazani kwetu Jumamosi asubuhi. Shangazi alikuwa amepika mahamri na mbaazi za nazi tangu alfajiri, akaniwekea sahani. “Kula, mwanangu, leo wewe ni shahidi.” Nilimega hamri moja nikalizungusha mdomoni, halikushuka. Picha ilikuwa imeshateremshwa, imepanguswa vumbi, imewekwa juu ya kiti kama bwana harusi. Mzee Juma, mwenyekiti wa kamati ya wazee wa ardhi, alikuwa amekwisha kusikiliza mashahidi wa pande zote, na hawakupatana; waliokuwa wakiteka maji wakitokea huku walisema hivi, waliokuwa wakitokea kule walisema vile. “Kila aliyesema hapa,” alisema, “ni ndugu wa huyu au rafiki wa yule. Picha haina shangazi wala mjomba. Tuitazame.” Watu wakacheka, wakakubali.

Mama Nyamvula aliomba kusema kwanza. Alisimama, leso yake moja ya manjano kiunoni. “Mimi mambo ya kushoto na kulia yananichanganya,” alisema. “Mimi najua maji. Asubuhi maji ya kisima kile yalikuwa baridi, kwa sababu msufi ulikuwa ukikilalia kwa kivuli mpaka jua lipande. Ungekuwa upande wa kwangu, kivuli kingelala kwenye mchicha, na mchicha wangu mmeula nyote, mwajua ulivyokuwa.”

“Mama, maji ya kisima chochote asubuhi ni baridi,” mtu mmoja akatupia neno, na barazani pakachekwa tena. Mzee Juma hakucheka. Aliinama kwenye picha, akaniita karibu.

“Binti, jua hili ni la asubuhi?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Latoka baharini?”

“Ndiyo.”

“Na kisima kimepigwa na jua. Mama Nyamvula asema kilikuwa kivulini.” Akanikazia macho. “Msufi huu uliuchora pale pale mti wenyewe uliposimama?”

Nilimtazama shangazi. Kama angenikonyeza, kama angeniomba kwa macho, naapa ningesema kweli, hata kwa hasira. Hakunikonyeza. Alikuwa akijifunga leso vizuri, ametulia kabisa, akinisubiri niseme lile ambalo yeye alilijua kuwa ni kweli. Maneno yangu yote niliyoyarudia yalikuwa kinywani, nayahisi kwenye ulimi.

“Ndiyo,” nikasema.

Mama Nyamvula hakupiga kelele. Alikuja, akapiga magoti mbele ya kiti, akaitazama picha kwa muda mrefu, uso wake karibu na kile kisima kinachong’aa. Nilidhani atanigeukia anilaani, na nilikuwa tayari. Alisema polepole, “Huyu mtoto nilimnywesha maji kwa mkono wangu, hana sababu ya kunidanganya.” Akajiinua kwa kushika goti. “Na mimi nikiitazama hivi, naona kama ndivyo ilivyokuwa. Basi mimi ndiye niliyesahau.” Akaaga watu wote mmoja mmoja, shangazi akamfungia mahamri kwenye kitambaa, naye akayapokea na kushukuru.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Wapimaji walikuja, mawe ya mpaka yakazikwa upande wa bara wa kisima, shamba likauzwa, ukuta ukajengwa. Shangazi alikuwa amemwambia mnunuzi jirani aachiwe kuteka maji, naye akaitikia vizuri sana, kisha akaweka lango na mlinzi. Mchicha wa Mama Nyamvula ulikauka katika kiangazi kimoja. Kabla mwaka haujaisha alihamia Lunga Lunga, kwenye mpaka wa Tanzania, kwa kaka yake, na mimi nikaacha kwenda Diani. Fundi Zuberi alituma salamu mara mbili, kisha akanyamaza. Tangu wakati huo nimekula kwa brashi hiyo hiyo, lakini kwa kuchora mabango Ukunda: mkasi wa kinyozi, kikombe cha chai, kuku wa mkahawa. Watu hunisifu kwa kuku zangu. Kuku wa bango hahitaji kivuli.

Ningeweza kuishi na habari ya kisima. Visima vimepotea vingi pwani hii, na ukuta umejengwa mbele ya wengi. Lililonimaliza ni maneno yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Walisema Mama Nyamvula hajambo, ila amekuwa mtu wa ajabu: hajiamini. Akiulizwa jambo dogo, mtoto fulani alizaliwa lini, mbuzi yule ni wa nani, husema, “Muulizeni mwengine, kichwa changu kilishanidanganya mbele ya watu.” Mwanamke aliyekuwa akijua kila shina la bamia kwa sura! Nilikusudia kwenda. Lunga Lunga si mwezini. Nilikusudia kila mfungo wa Ramadhani, na kila Ramadhani niliona aibu imekuwa kubwa zaidi kuliko iliyopita, basi nikangoja. Nimezeeka nikingoja.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, sebule ilibaki na wanawake wachache na sinia za pilau nusu. Nilikuwa nimekaa tena mbele ya picha, safari hii kwa hiari yangu, maana sikuweza kuondoa macho. Rangi ya mafuta ikizeeka huwa nyepesi, kama leso iliyofuliwa sana, na kilicho chini yake huanza kuonekana. Kivuli changu cha kwanza kilikuwa kimetoka. Kilianzia kushoto, mahali pasipo na mti wowote, kikapita nyasini, kikalala juu ya mdomo wa kisima, na urujuani wake ule ule. Mke wa binamu yangu aliniona nikitazama. “Hiyo imeingia unyevu, wifi,” alisema. “Marehemu alihangaika nayo sana. Miaka hii ya mwisho kila Ijumaa alichukua kitambaa cha maji akasugua hapo kisimani, na kila akisugua doa lazidi. Halafu siku moja akaacha. Akawa anakaa tu kulitazama.” Nilitaka kumuuliza wifi yangu marehemu alisema nini siku aliyoacha. Niliogopa, na sikuuliza.

Ndipo mlangoni akaingia bibi mzee, mdogo wa umbo, ameshikwa mkono na msichana. Nilimjua kwa namna alivyolishika goti alipokuwa akivua viatu. Nyumba nzima ikamwinukia. Nilikwenda nikampa mkono, nikaubusu wake.

“Shikamoo, Mama Nyamvula.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mishi.” Akamgeukia msichana. “Au si Mishi? Nisije nikakosea.”

“Msimtilie maanani,” msichana alituambia kwa upole, “bibi husahau. Hata mwenyewe husema.”

Akakalishwa mkabala na ukuta. Alimwombea shangazi dua ndefu, ya moyo safi, ambayo kila neno lake lilinichoma, akapangusa uso kwa viganja. Kisha akainua macho. Akasogeza shingo mbele.

“Macho yangu ya mbali bado yaona,” alisema. “Kile juu ya kisima ni nini?”

“Unyevu, bibi,” mke wa binamu akajibu. “Tumesugua mpaka tumechoka.”

“Si unyevu,” nilisema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wanawake wote wakanigeukia. Niliikalia mikono yangu. “Ni kivuli cha msufi, Mama. Nilikichora asubuhi ile uliponipa maji. Msufi ulikuwa upande wa bahari, kama ulivyosema. Mimi niliusogeza, nikakifunika kivuli, ili mwanga ukae vizuri. Na Mzee Juma aliponiuliza, nilisema uongo.”

Jikoni mtu aliweka sufuria chini. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa kungoja kile nilichokingoja tangu ujana wangu, na kilipochelewa nikainua macho. Mama Nyamvula hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameweka kiganja kwenye paji la uso wake, taratibu, kama unavyompapasa mtoto aliyekuwa na homa, na machozi yalikuwa yakimshuka bila ya sauti.

“Basi yalikuwa baridi,” alisema.

“Yalikuwa baridi, Mama. Meno yaliniuma.”

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akamtafuta mjukuu wake kwa mkono, akamvuta karibu.

“Umemsikia?” alimwambia. “Yalikuwa baridi.”